Tarumbeta Ikikwaruza, Usikimbilie Geini

Mara ya kwanza kurekodi kikundi cha matarumbeta ya harusi, niliweka maiki ya kondensa sentimita 20 hivi mbele ya mdomo mpana wa tarumbeta. Nilitaka hata pumzi ya mpigaji isikike. Nikashusha geini, yaani kirekebishi cha mikisa kinachokuza sauti inayotoka kwenye maiki, mpaka taa nyekundu ya mikisa ikaacha kuwaka. Usiku nilipovaa hedifoni, kila sauti ya juu ilikwaruza kama spika iliyochanika. Vijana walikuwa wamepiga vizuri mno, na harusi hairudiwi. Mpaka leo inaniuma.

Sauti ilikuwa imeharibikia ndani ya maiki. Kondensa ina saketi yake ndogo, na ikilemewa, sauti huchafuka kabla haijaingia kwenye waya. Geini iko upande wa pili wa waya huo. Ukiishusha unapata uchafu uleule, ila kwa sauti ndogo.

Kwa hiyo kabla ya kununua au kuazima, tafuta kwenye karatasi ya maiki kiwango cha juu cha sauti inachohimili. Usidanganywe na bei. Neumann U 87 Ai, maiki inayoheshimiwa studio zote, mwisho wake ni desibeli 117 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti), au 127 ukiwasha swichi yake ya kupunguza sauti. AKG C414 XLS inahimili 140, na swichi yake ya hatua za 6, 12 na 18 inaifikisha 158. Tarumbeta iliyopulizwa kwa nguvu karibu na maiki hupita 120 bila shida.

Swichi ninayoisema ni ya kwenye maiki. Ile ya mikisa huilinda mikisa tu. Na mikisa au kifaa unachochomekea maiki kitoe volti 48 kamili za kuiendesha, maana kondensa nyingi zikipewa umeme pungufu huzidiwa mapema.

Siku hizi naanzia sentimita 60, maiki ikitazama pembeni kidogo. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka mara mbili, sauti hupungua kama desibeli 6, na tarumbeta inapata nafasi ya kupumua. Kisha namwomba mpigaji anipigie kile kipande chake kikali kuliko vyote, kwa nguvu zile atakazotumia bibi harusi akiingia. Narekodi sekunde 20, nasikiliza. Ikikwaruza huku kipimo cha sauti cha mikisa kiko chini, geini siigusi: nawasha swichi ya maiki, au naisogeza maiki yenyewe nyuma hatua moja.