Kila asubuhi kompyuta imegeuka pinki

SWALI: Habari za kazi kaka. Nina kaduka ka kutaipu na kuprinti hapa Wandegeya, wateja wangu wengi ni wanafunzi wa Makerere, wale wa kuleta kosiweki dakika ya mwisho. Laptopu yangu ni ya Windows 10, nimeiwekea picha nyeusi tupu na rangi ya kijivu kwa sababu nakaa mbele yake toka saa moja asubuhi mpaka usiku na macho yananiuma. Sasa jioni naifunga iko vizuri, kesho yake nikiwasha na kuipa intaneti ya simu, muda kidogo tu naona maua, na pinki kila mahali mpaka huku chini kwenye taskbaa. Narudisha vile ilivyokuwa, kesho yake tena maua. Halafu stima ikienda inabadilika kwa namna nyingine, ule uwazi kama kioo unapotea. Fundi anasema ni virusi, anataka elfu hamsini aiformati. Nimpe? Ile ya binti yangu iko nyumbani haina shida, na ni huyuhuyu fundi alituwekea zote mbili kwa imeili yangu.

JIBU: Nyabo, usimpe hata mia. Na kabla hujagusa kitu, leo jioni muulize binti yako kama picha yake ya maua huwa inapotea ikawa nyeusi. Nadhani atakuambia ndiyo, na yeye labda anafikiri ni wewe unamchezea laptopu akiwa hayupo.

Jibu umeliandika mwenyewe pale mwisho, "kwa imeili yangu". Windows 10 ukiingia kwa akaunti ya Microsoft huwa inachukua baadhi ya setingi zako, thimu (yaani ule mpangilio wa picha na rangi) ikiwemo, inazipeleka kwenye seva zao halafu inazishusha kwenye kila kompyuta yenye akaunti hiyohiyo. Kwa mtu mmoja mwenye mashine mbili ni kitu kizuri sana. Lakini nyinyi ni watu wawili na Windows inawaona mtu mmoja, binti usiku anaweka maua yake nyumbani, asubuhi wewe unafungua duka unawasha intaneti, maua yanashuka. Ndiyo maana haibadiliki mpaka uiunganishe na simu. Virusi vya kukuletea maua mimi bado sijaviona banange, na hata huyo fundi angeiformati, akishamaliza si angeingiza tena imeili ileile, basi kesho maua yangerudi na elfu hamsini imeenda.

Fanya hivi. Fungua Setingi, ingia Accounts, tafuta palipoandikwa Sync your settings, chini yake kuna orodha yenye swichi, zima ile ya Theme peke yake, hizo nyingine kama hazikusumbui ziache. Zima kwanza ndiyo urudishe picha yako nyeusi, ukianza na picha utakuwa umeirusha kwa binti na vita inaendelea. Ukiwa na nafasi ifanye na kwenye ile ya nyumbani. Siku ukihamia Windows 11 swichi hiyo itafute kwenye Accounts halafu Windows backup, pale kwenye Remember my preferences. Na kuhamia ufikirie kweli, maana Microsoft walisimamisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 na wewe kila siku unachomeka flashi za watu usiowajua.

Ila dawa yenyewe hasa ni binti awe na akaunti yake. Thimu ni kitu kidogo, akaunti moja inaweza kubeba mpaka paswadi na mafaili ya OneDrive, ile stoo ya Microsoft ya mtandaoni, sasa siku anaandika mambo yake ya siri usiku halafu asubuhi yanafunguka dukani mbele ya wateja, hapo tutaongea lugha nyingine.

Kuna kitu kingine, nenda Personalization halafu Colors uangalie kama kuna tiki kwenye Automatically pick an accent color from my background. Hiyo ndiyo huwa inafanya rangi ifuate picha, maua yakija na pinki inakuja. Itoe, kisha chagua kijivu chako kwa mkono.

La stima ni habari tofauti na wala siyo ugonjwa. Umeme ukikatika laptopu inahamia betri, na betri ikishuka mpaka asilimia 20 Windows 10 huwa inawasha yenyewe hali ya kubana matumizi, mwanga wa skrini unapungua na ule uwazi wa kioo unazimwa kwa sababu unakula nguvu. Stima ikirudi na wewe ukichomeka, vinarudi. Unaweza kuizuia kwenye System, Battery, lakini mimi nikiwa wewe ningeiacha, heri taskbaa mbaya kuliko kuzimikiwa mwanafunzi akiwa na kurasa tatu hazijaprintiwa.

SWALI: Mzee, mimi niko Arua. Mtoto wa miaka miwili amegonga gonga kibodi, skrini imekuwa nyeusi yote na maandishi ya rangi rangi, njano, kijani, kila kitu kinatisha. Nimezima na kuwasha, bado.

JIBU: Amebonyeza Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Print Screen kwa pamoja, na pengine kikatokea kidirisha cha kuuliza naye akakigongea Yes, hongera zake. Ni thimu waliyoitengenezea watu wenye shida ya kuona. Bonyeza vilevile vitatu tena itarudi. Kama ni Windows 11, ingia Accessibility, Contrast themes, uzime hiyo njia ya mkato ya kibodi, maana atarudi tu huyo.

SWALI: Natumia Mac niko Jinja, kila siku jioni mida ya saa moja inageuka nyeusi yenyewe. Nataka ibaki nyeupe.

JIBU: System Settings, Appearance, utakuta Light, Dark na Auto, wewe uko kwenye Auto, gusa Light imekwisha. Hiyo Auto ilikuja na macOS Catalina mwaka 2019 na huwa inafuata jua. Wenzetu wa Ulaya saa yao ya kugeuka inahama sana kati ya kiangazi na baridi, sisi tuko pembeni ya ikweta jua linazama karibu na saa moja mwaka mzima, ndiyo maana umeizoea kama taarifa ya habari. Na siku ikichelewa kugeuka ujue ulikuwa unafanya kazi, huwa inasubiri kwanza uiache kama dakika moja bila kuigusa.