Kwa mliopangiwa kamati ya mahafali kwa mara ya kwanza

Wengi wakipangiwa kamati ya mahafali huwaza maturubai, viti na chakula. Ninyi mliokabidhiwa majoho na siwa, ile fimbo ya heshima ya chuo, mna kazi nzito zaidi. Mzazi aliyeuza ng'ombe ili mtoto asome amekuja kuviona vitu hivyo, na tukivichezea tumemvunjia heshima yeye.

Anzeni na siwa. Hiyo ndiyo alama ya mamlaka ya chuo ya kutunuku shahada. Humtangulia Mkuu wa Chuo akiingia, hulazwa mezani, kisha hutoka naye. Pwani yetu inalijua jambo hili tangu zamani: siwa ya kale ilikuwa baragumu, Pate walikuwa nayo ya pembe ya ndovu, Lamu ya shaba, na hazikupulizwa kwa shughuli ya kila mtu. Kwa hiyo siwa isiachwe juu ya kiti, wala isiazimwe kwa kupigia picha. Mbebaji afanye mazoezi na siwa yenyewe, si na fimbo ya ufagio, kwa sababu uzito wake ndio utakaoamua mwendo wake, na nyuma yake kuna wazee.

Majoho ya walimu msiyalazimishe yafanane. Mhadhiri huvaa joho la chuo kilichompa shahada yake, ndiyo maana katika safu moja utaona nyekundu ya Oxford yenye hariri ya buluu karibu na nyekundu iliyoiva ya Harvard. Mimi hupenda sana kuitazama safu hiyo, maana historia yetu imo humo. Chuo cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961 kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikaingia Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na mwaka 1970 kila kimoja kikasimama peke yake, Mwalimu Nyerere akiwa Mkuu wa Chuo wa kwanza pale Mlimani, Dar es Salaam. Akija mzee na joho lililofifia, mpeni nafasi yake bila kumuuliza kwa nini hakuazima jipya.

Kinachosumbua kuliko vyote ni hudi, ile skafu ya rangi inayoning'inia mgongoni. Ina uzito nyuma, basi huteleza na kumkaba mtu koo. Mbele ina kitanzi kidogo cha kushikiza kwenye kifungo cha shati. Asiye na kifungo, na hawa ni wengi upande wa akina dada, ashikiziwe kwa pini. Wekeni pini za kutosha mlangoni. Kofia ya mraba ikae bapa, pembe moja ielekee mbele, na anayevaa hijabu abaniwe kofia kwa vibanio pande mbili. Joho lisipigwe pasi ya moto. Litundikeni tangu jana yake.

Kuna vyuo vinavyotaka kofia zivaliwe baada tu ya Mkuu wa Chuo kutamka maneno ya kutunuku. Ulizeni mapema chuo chenu kinafuata lipi, muwaambie wahitimu siku ya mazoezi, tena kwa kipaza sauti.

Jioni, siwa irudi kwanza na kufungiwa mahali pake, ndipo muanze kupokea majoho. Kila joho lihesabiwe pamoja na hudi na kofia yake kabla mwenyewe hajaondoka.