Barua kwa Rehema, kuhusu ile filamu ya baiskeli

Mwanangu Rehema,

Huku hatujambo. Goti la mama yako limepata nafuu, na mvua zimeanza. Umeniuliza kama mwanao Salimu, kwa miaka yake 11, anaweza kutazama Wezi wa Baiskeli, ile filamu ya Kitaliano uliyotuletea Desemba. Unataka ajifunze ustahimilivu, ila unauogopa ule mwisho.

Nianze na jibu unalolijua: filamu ya shida haitazamwi peke yako. Nimewaambia hivyo tangu mko wadogo.

Unakumbuka mama yako alikuwa anachambua mchele nami namfasiria. Yule mke alipovua mashuka kitandani yakawekwe rehani, ili baiskeli ikombolewe mumewe apate kazi ya kubandika mabango, mama yako aliweka ungo chini. "Ya harusi hayo," akasema. Kisha mtumishi wa pale penye rehani akapanda na furushi lao, juu, juu zaidi, na rafu zote zimejaa mafurushi ya watu wengine. Mwongozaji, Vittorio De Sica, hakumpa mtu neno la kusema hapo. Ni Roma ya 1948, vita vimekwisha miaka mitatu tu, na mji mzima umelala bila mashuka. Hapo ndipo nilipoiamini filamu ile.

Aliyecheza yule baba, Lamberto Maggiorani, hakuwa mwigizaji, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani. Mtayarishaji mmoja wa Marekani alikuwa tayari kutoa fedha mradi acheze Cary Grant, nyota wa Hollywood, De Sica akakataa, na alifanya vema. Filamu ilipokwisha Maggiorani alirudi kiwandani, na baadaye akapunguzwa kazi. Sasa niambie, hapo nani kajifunza ustahimilivu?

Lakini wewe wasema Salimu, na mimi moyoni naona babu yako.

Ile baiskeli yake, Phoenix, unaijua kwa picha ya ukutani tu. Hatukuwahi kuwasimulia ilivyopotea. Ilikuwa 1982, miaka ya kupanga foleni kwa kipande cha sabuni, na tairi la baiskeli hata ukiwa na pesa hulipati. Tulikwenda kusaga mahindi. Baba akaingia mashineni na debe, akaniambia niilinde baiskeli. Nikasogea kidogo kutazama wazee wakicheza bao. Niliporudi, ukuta mtupu.

Tuliizunguka Korogwe kwa miguu mpaka alasiri. Hakunigombeza. Hakusema kitu kabisa, na ningeona afadhali anichape. Karibu na stendi akamsimamisha kijana mmoja mwenye Phoenix nyeusi, akaniuliza, "Ndiyo hii?"

Kengele ya baiskeli yetu bibi yako aliifunga kipande cha kanga ili isilielie kwenye mashimo. Ile haikuwa na kanga, wala alama ya kufungwa kitu. Nililiona hilo, Rehema. Nikasema ndiyo.

Nilitaka tu twende nyumbani.

Watu walijaa kufumba na kufumbua. Kijana alipigwa makofi, mfuko wa shati ukabaki unaning'inia. Fundi baiskeli wa pale jirani ndiye aliyemwokoa. Aliipindua baiskeli, akaonyesha mahali alipoichomelea yeye mwenyewe, mwezi ule ule. Baba akaokota kofia ya yule kijana, akaipangusa vumbi kwa kiganja, mbele na nyuma, akampa kwa mikono miwili. "Nisamehe, mwanangu," akamwambia. Mtu asiyemjua. Kisha akanishika mkono mpaka nyumbani, mimi ambaye hakuwa amenishika mkono tangu nianze shule. Miaka miwili alikwenda shamba la mkonge kwa miguu, na hata siku moja hakunikumbusha.

Basi katika filamu, yule baba, aliyeibiwa baiskeli yake, anapojaribu kuiba ya mwingine na kukamatwa, umati unamsukuma, na mwanawe Bruno anaokota kofia ya baba yake na kuipangusa. Mama yako aliwaambia nimetoka kuangalia mbuzi. Sikwenda kwa mbuzi.

Sasa nikisema Salimu asione baba wa mtu akidhalilika, nitakuwa namficha kitu ambacho Bruno alikiona na bado akautafuta mkono wa baba yake. Nikisema aone, najiuliza mimi nilipata nini siku ile. Nguvu? Sidhani. Nilipata aibu ambayo hata leo nikisikia kengele ya baiskeli inanijia. Halafu namkumbuka babu yako na kiganja chake kwenye ile kofia, naona nimepata zaidi ya aibu. Halafu tena nasema, yule kijana yeye alipata nini?

Mtoto ni wako na mumeo, na uamuzi ni wenu. Kalamu inaniwasha niseme neno moja, nalo unalijua, lakini naliacha. Ila haitazamwi peke yako, hilo silirudishi nyuma. Mkiamua kuiweka likizo ya Juni, nisubirini, nitakuja na basi la asubuhi. Nataka niwe nimekaa upande wa Salimu pale nje ya uwanja wa mpira, zile baiskeli zote zimeegeshwa safu kwa safu, na yule baba hajaamua bado.

Msalimie mumeo.

Baba yako