Chaki kwanza, spana baadaye: kwa anayeanza kazi ya meli

Mdogo wangu, umepata nafasi karakanani na unaniuliza uanze kujifunza nini. Wengi watakutajia kuchomelea, kwa sababu ndiko kunakoonekana na ndiko kwenye ujira mzuri. Mimi nakuambia anza na chaki. Kabla hujafungua nati yoyote melini, weka alama: kipande kipi, upande upi, kilielekea wapi, nani amekifungua na siku gani.

Nalisema hili kwa uchungu. Mwaka wangu wa pili kazini nilifungua pampu ya kupozea injini, nikavipanga vipande sakafuni nikiamini nitakumbuka. Kesho yake nikapelekwa kazi nyingine. Mwenzangu aliyekuja kuifunga alikigeuza kipande kimoja, na hakuwa na kosa, maana sikumwachia alama. Injini ilichemka kabla meli haijaondoka gatini. Abiria walilala pale usiku mzima na watoto wao, nami nikapita mbele yao asubuhi nikiwa na spana mkononi. Sijawahi kuisahau asubuhi ile.

Mzee aliyenifundisha kazi hakunigombeza. Alinikalisha akanisimulia habari za meli ya kivita ya Wajerumani, Graf von Goetzen, ambayo leo watu wa Ziwa Tanganyika wanaiita Liemba. Meli hiyo iliundwa mara mbili. Mwaka 1913 iliundwa Papenburg, Ujerumani, katika karakana ya Meyer. Hakuna njia ya kuitoa meli kubwa baharini hadi ziwani kule, kwa hiyo ilifunguliwa, ikatiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam, kisha ikapakiwa kwenye mabehewa ya Reli ya Kati hadi Kigoma. Mafundi watatu walitoka nayo Papenburg, mkuu wao akiwa Anton Rüter. Walioibeba, kuipanga na kuigonga walikuwa vibarua wa Kiafrika na mafundi wa Kihindi. Tarehe 5 Februari 1915 ikashushwa majini.

Hebu fikiria masanduku 5,000, na kila bamba la chuma lina mahali pake pamoja tu. Zama zile mabamba yaliungwa kwa ribiti, yaani pini nene za chuma. Ribiti hupashwa moto mpaka iwe nyekundu, hupenyezwa tunduni, mmoja akaizuia kwa ndani na mwingine akaigonga kwa nje kabla haijapoa. Ikipoa hujivuta na kuyabana mabamba. Lakini matundu yakipishana kidogo tu, ribiti haikai, na bamba la kubadilisha liko Ulaya, tena Vita vya Kwanza vya Dunia vimeanza. Meli yenye urefu wa mita 71 hivi ilisimama Kigoma kwa sababu mtu fulani Papenburg aliandika namba kwa uangalifu.

Somo la pili ni grisi. Julai 1916, majeshi ya Wabelgiji na Waingereza yakiwa yanakaribia, Wajerumani waliamua kuizamisha wenyewe. Kazi hiyo walipewa mafundi walewale walioiunda. Kabla ya kuizamisha karibu na mdomo wa mto Malagarasi, tarehe 26 Julai, walizipaka injini grisi nzito. Walikuwa wanashindwa vita, lakini bado walimfikiria atakayeinyanyua. Waingereza waliiibua mwaka 1924, wakakuta injini na maboila bado yanafaa, na tarehe 16 Mei 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Injini zile za mvuke ziliendelea na kazi hadi miaka ya 1970, zilipobadilishwa kuwekwa za dizeli. Kwa hiyo unapoambiwa kifaa kinawekwa stoo, usikitupe kikiwa kikavu. Kifute, kipake, kifunike, kiandike.

Hapa nisimame kwenye jambo linaloua vijana. Chuma kinaposhika kutu kinakula oksijeni. Tangi au chumba cha chini kilichofungwa kwa miezi kinaweza kuonekana kisafi, hakina harufu, na hakina hewa ya kukutosha. Anayeingia huanguka bila kupiga kelele. Mwenzake hushuka kumwokoa, naye huanguka. Usiingie mpaka mfuniko umefunguliwa, feni imepuliza hewa, kipimo cha hewa kimeonyesha ni salama, na mtu amesimama juu kukuangalia. Msimamizi akikuharakisha, kataa kwa adabu, lakini kataa.

Halafu kuna jambo la maana ya meli, ambalo shuleni hawakufundishi. Goetzen alikuwa gavana wa Wajerumani wakati wa Vita vya Maji Maji. Kuliandika jina lake ubavuni kulikuwa ni kuwaambia watu wa ziwa nani mkubwa. Mzinga mkubwa wa meli hiyo ulitoka kwenye manowari Königsberg iliyoishia delta ya Rufiji, na ulipoondolewa kwenda kusaidia vita vya nchi kavu, mahali pake likawekwa bomba la mbao. Kwa mbali meli iliendelea kutisha. Ndivyo manowari ilivyo: nusu ya nguvu yake imo machoni mwa anayeitazama. Waingereza walipolifuta jina la gavana wakachukua la ziwa lenyewe, maana Liemba ni jina la zamani la maji yale. Mimi naona jina hili la pili ndilo lililoiweka mioyoni mwa watu. Imebeba dagaa, wagonjwa, maharusi. Mwaka 2015 iliwachukua wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga kwenda Kigoma, watu mia sita hivi kwa safari. Chombo kilichowahi kutumika vitani kilikuwa kinaokoa, kwa mabamba yaleyale.

Ukiyajua haya utaifanya tofauti hata kazi ndogo. Nikupe moja uanze nayo Jumatatu. Mlango usiopitisha maji usiuamini kwa kuutazama, wala kwa sababu umefunga kwa nguvu. Paka chaki kwenye ukingo wa chuma unaokutana na mpira wa kuzuia maji, pande zote nne. Ufunge mpaka mwisho, kaza vishikio vyote, kisha ufungue utazame mpira. Chaki inapaswa kuwa imeacha mstari mmoja, mzima, kuzunguka mlango wote. Pale mstari ulipokatika ndipo maji yatakapoingia. Paoneshe msimamizi, na usiuache mlango mpaka mpira ubadilishwe au ukingo unyooshwe, kisha upake tena chaki.