Maswali ya Wasomaji: Mabingwa Wasioangushana Mazoezini

SWALI: Ndugu Mhariri, kijana wangu aliyekuja likizo ameniambia kwamba kuna chuo kidogo huko Marekani, cha watawa Wabenediktini kama hawa wetu, kilichotwaa ubingwa wa ile futiboli yao ya kofia ngumu ilhali wachezaji wake hawaangushani kabisa mazoezini. Nilimwambia aache utani. Je, ni kweli? Watawa hao ni wa nyumba moja na wetu? Na fainali ya 24 kwa 6 aliyonitajia, hayo ni mabao ya namna gani?
Mzee wa Ndanda, Masasi

JIBU: Shikamoo, mzee wetu. Kijana hakukutania.

Chuo chenyewe ni Saint John's, kilichoko Collegeville katika jimbo la Minnesota. Tuanze na watawa. Abasia ya Ndanda ilitokana na wamisionari wa Mtakatifu Ottilia waliotoka Ujerumani, na misheni yao hapo ilianza mwaka 1906. Wale wa Collegeville walifika Minnesota mwaka 1856 wakitokea Pennsylvania, nao ni wa shirikisho jingine. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto wanayoifuata ni hiyo hiyo moja, lakini nyumba ni mbalimbali.

Msimu aliousimulia kijana ni wa mwaka 2003. Saint John's hucheza katika daraja la tatu la michezo ya vyuo, ambako chuo hakiruhusiwi kumlipia mwanafunzi ada kwa sababu ya kipaji chake cha mpira, kwa hiyo anayecheza huko hucheza kwa kupenda tu. Mwaka huo walishinda michezo yao yote 14. Fainali waliicheza mjini Salem, Virginia, dhidi ya Mount Union ya Ohio, timu iliyokuwa imeshinda michezo 55 mfululizo na ambayo kila mtu aliamini ingeongeza wa 56.

Mwalimu wao alikuwa John Gagliardi, mzee wa miaka 77 wakati huo, aliyeanza kufundisha akiwa na miaka 16 baada ya mwalimu wa shule yao kuitwa vitani. Mazoezi yake hayakuzidi dakika 90, hayakuwa na filimbi, na ilikuwa marufuku kumwangusha mwenzako. Vijana walijifunza wapi pa kusimama na nani wa kumkabili, wakisogea na kurudia hatua zile zile hadi miguu ikazizoea, kisha nguvu za kuangushana zikawekwa akiba kwa ajili ya Jumamosi, siku ya mchezo. Hakumkata mchezaji yeyote kikosini. Hata kuitwa mwalimu hakutaka: wachezaji walimwita John, jambo ambalo huku Kusini lingemfanya kijana aulizwe amelelewa na nani.

Kwa maoni yetu hapakuwa na muujiza. Futiboli hiyo huvunja watu, na timu isiyo na fedha za kuvuta vipaji haina mbadala wa mchezaji wake bora akiteguka goti siku ya Jumanne. Aliyefika Desemba, mwezi wa fainali, akiwa na kikosi kizima tayari alikuwa mbele ya wengi. Isitoshe, mzee huyo alipostaafu mwaka 2012 alikuwa na ushindi 489, ambao hakuna mwalimu mwingine wa futiboli ya vyuo aliyeufikia.

Sasa matokeo. Ukizoea Namungo kushinda moja bila pale Ruangwa, 24 kwa 6 utaiona kama aibu ya mwaka, lakini wenzetu hawahesabu mabao. Kuufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho ni alama sita, na baada ya hapo timu hupewa nafasi ya kuongeza moja kwa mkwaju. Mkwaju unaopita kati ya milingoti mchezo ukiendelea ni alama tatu. Anayeingia mara tatu bila kukosa nyongeza, kisha akapata mkwaju mmoja, tayari ana 24.

Katika fainali hiyo Mount Union walikuwa wamelisogelea lango la Saint John's wakitafuta alama za kujiokoa, pasi ikarushwa, mlinzi akaidaka miguuni pa mstari wake mwenyewe na kukimbia nayo yadi 100, yaani uwanja mzima, karibu mita 91, hadi ng'ambo ya pili.