Swali la lugha: "Manispaa ya Wilaya" ni sahihi?

Mwalimu mmoja wa Morogoro anauliza: "Kwenye kadi ya mahafali yetu tumeandika 'Mgeni rasmi ni Mkurugenzi wa Manispaa ya Wilaya ya Morogoro', na chini yake 'Tunaishukuru Halmashauri limetupatia madawati'. Mwenzangu anasema hakuna kosa, kwani manispaa iko ndani ya wilaya. Ni kweli?"

Mwenzako ana haki kuhusu ramani, ila kadi ina kosa. Wilaya ya Morogoro ni moja na Mkuu wa Wilaya ni mmoja, lakini halmashauri ni mbili: Halmashauri ya Manispaa ya Morogoro, yenye mji, na Halmashauri ya Wilaya ya Morogoro, yenye vijiji. Kila moja ina mkurugenzi wake, madiwani wake na bajeti yake. Ukiandika "Manispaa ya Wilaya" umeziunganisha mbili zisizoungana, na mzazi anayesoma hajui mgeni anatoka ofisi gani. Iringa nako mambo ni hayohayo.

Chanzo cha mkanganyiko ni neno "wilaya", maana limebebeshwa kazi mbili. Kwanza ni eneo la utawala la Serikali Kuu, chini ya Mkuu wa Wilaya anayeteuliwa na Rais. Pili ni aina mojawapo ya halmashauri. Tanzania Bara tunazo aina nne: halmashauri za wilaya, za miji, za manispaa na za majiji. Baraza la madiwani la manispaa au jiji huongozwa na meya. La wilaya au mji huongozwa na mwenyekiti.

Ndiyo maana mimi hushikilia kwamba "Mkurugenzi wa Manispaa" au "Mkurugenzi wa Jiji" yatosha bila neno "halmashauri", kwa kuwa manispaa na jiji havina maana nyingine ya kiutawala inayogongana nayo. "Mkurugenzi wa Wilaya" haitoshi hata kidogo. Wengi watamchanganya na Mkuu wa Wilaya, na hao ni watu wawili wenye ofisi mbili. Andika kwa ukamilifu: Mkurugenzi wa Halmashauri ya Wilaya.

Sasa hayo madawati. "Halmashauri" iko katika ngeli ya I-ZI: halmashauri imetupatia, halmashauri zimetupatia. Hiyo "limetupatia" imeponyoka kutoka kwenye "baraza", ambalo ni la LI-YA. Sahihi ni: "Tunaishukuru Halmashauri kwa kutupatia madawati." Na kama shukrani ni za madiwani walioidhinisha fedha kikaoni, basi: "Tunalishukuru Baraza la Madiwani."

Kadi yenu, kama mgeni anatoka ofisi ya mjini, isomeke: "Mgeni rasmi ni Mkurugenzi wa Manispaa ya Morogoro." Akitoka ile nyingine: "Mkurugenzi wa Halmashauri ya Wilaya ya Morogoro."