Jirani kang'oa masale kihambani: pa kushtaki na muda ulio nao

Dada, pole. Umeuliza kama Mahakama ya Mwanzo ilikosea kumwachia jirani aliyeng'oa masale (mimea ya kuonyesha mpaka) mwaka 2016 na kupanda migomba yake hapo kihambani, shamba lenu la ukoo, Kibosho. Mkibishana nani mwenye ardhi, kesi ya jinai haikati umiliki. Hapo ndipo wengi hupoteza miaka.

Anza Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya 2021 linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Lidai cheti kwamba usuluhishi umeshindikana. Siku 30 zikipita bila suluhu, nenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, Moshi, hata bila cheti. Kwa dai la kurudishiwa ardhi, baraza hilo la wilaya lina mwisho wa thamani ya shilingi milioni 300. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu.

Muda wa kudai ardhi ni miaka 12 tangu alipoingia, kwa hiyo wako unaishia 2028. Barua kwa mwenyekiti wa kijiji hazisimamishi hesabu hiyo, tafadhali usizitegemee.

Kwenye maombi andika ukubwa na majirani wa pande zote nne, pamoja na thamani ya eneo. "Kipande cha kihamba" hakitoshi. Piga picha visiki vya masale kabla havijaoza.

Ukishindwa, rufaa Mahakama Kuu ni ndani ya siku 45.